Mshale wa Oili Ukishuka Ukiwa Angani

Geji ya injini ikisoma vibaya, geuza pua kuelekea mahali unapoweza kutua, halafu ndipo uanze kubishana na mshale. Naruka Caravan, ndege ya injini moja, kutoka kiwanja cha Arusha pale Kisongo, na kwangu mpangilio huo haubadiliki.

Asubuhi moja tulikuwa tunapanda kwenda Seronera, Serengeti, na wafanyakazi wa kambi, milima ya Monduli ikiwa kulia. Presha ya oili, ambayo kawaida hukaa kati ya 85 na 105, ilikuwa inacheza kwenye 70. Nilipunguza nguvu taratibu, nikageuka kurudi, nikaita mnara: pan-pan mara tatu, tatizo, mahali nilipo, idadi ya watu. Abiria niliwaambia, "Jamani, tunarudi Kisongo mafundi waangalie geji moja. Fungeni mikanda." Wakiambiwa ukweli kwa sauti ya kawaida, watu hutulia.

Baada ya hapo ndipo nikawatafuta mashahidi. Oili ikivuja kweli, mara nyingi joto lake hupanda presha ikishuka. Tazama pia mizunguko ya pangaboi: kwenye injini hii presha ya oili ndiyo inayoshikilia pembe ya mapanga, na ikiisha, springi na vizito huyageuza yakate upepo kwa makali, mizunguko ikaanguka. Kagua na kioo cha mbele kama kina michirizi ya oili. Siku ile joto lilikuwa limetulia, mizunguko haikutikisika, kioo kisafi. Nilishuku geji, lakini sikugeuza pua tena.

Mipaka uijue kwa moyo. Kwa Caravan yetu, presha chini ya 85 haitakiwi. Ukilazimika kumalizia safari unaweza kwenda nayo mpaka 40, mradi toku, yaani nguvu ya kuzungusha pangaboi, isizidi 900. Chini ya 40, zima injini au tua haraka iwezekanavyo kwa nguvu ndogo inayotosha kukubakiza hewani.

Huku kwetu altimita inadanganya wageni. Ikisoma futi 9,000 unajiona uko juu kweli, lakini Kisongo penyewe pako futi 4,550. Kinachobaki ndicho chako cha kuelea nacho, takriban maili 2 za baharini kwa kila futi 1,000 kama hakuna upepo. Ukisonga mbele hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ardhi inakufuata mpaka karibu futi 7,500. Ndiyo maana sikutaka kuendelea. Uwanja wa Kilimanjaro (KIA) una barabara ya kurukia ya mita 3,600, lakini iko mbali zaidi upande wa mashariki, na Caravan inatosha vizuri kwenye mita 1,620 za Kisongo. Nilibaki juu mpaka nikawa na uhakika wa kufika hata injini ikizima, ndipo nikashuka.

Fundi alifunga geji yake ya majaribio: presha ilikuwa sawa, waya wa kihisio ulikuwa umechubuka. Wapo watakaosema nilirudi bure. Mimi ningerudi tena kesho.

Kwenye kitabu cha ndege usiandike "geji mbovu". Hiyo ni kazi ya fundi kuamua. Andika saa, kimo, toku, presha, joto la oili, na kama mshale ulianguka ghafla au pole pole.