Somo la Afya: Fizi Zinazotoka Damu na Ugonjwa wa Kisukari

Wengi wetu tunajua kwamba kisukari huweza kuharibu macho, figo, moyo na miguu. Kinywa tunakisahau. Mwenye kisukari akitema damu wakati wa kupiga mswaki, husema, "Ni mswaki mgumu tu." Na tuone kwa nini jambo hili lisidharauliwe.

1. Sukari huharibu fizi. Damu ikiwa na sukari nyingi kwa muda mrefu, mishipa midogo huharibika na kinga ya mwili hulegea. Hapo vijidudu vya ukoga, yaani ule utando unaoganda penye shina la jino, hupata nafasi. Fizi huvimba, hutoka damu, kisha huachana na jino. Hata mfupa unaolishika jino huliwa polepole. Mara nyingi hapana maumivu, ndiyo maana watu huchelewa kutibiwa.

2. Fizi nazo hupandisha sukari. Madhara ya uvimbe ule hayaishii kinywani. Huenea kwa njia ya damu na kuizuia insulini isifanye kazi yake vizuri. Hivyo magonjwa haya mawili hulishana.

3. Mfano wa Wapima. Hawa ni wenyeji wa asili wa Arizona, Marekani, ambao kisukari kimewapata wengi mno. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2005, Wapima 628 wenye kisukari, wa umri wa miaka 35 na zaidi, walifuatiliwa kwa miaka ipatayo 11. Wale ambao fizi zao ziliharibika sana walikuwa na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo au wa figo iliyo kubwa mara tatu kuliko wenzao, hata baada ya kuzingatia umri na uvutaji wa sigara. Hatusemi kwamba fizi peke yake ndizo zilizowaua. Lakini zilikuwa dalili ya kuonya.

4. Matibabu husaidia. Mapitio ya majaribio mengi, yaliyotolewa mwaka 2022, yalionyesha kwamba kusafishwa meno chini ya fizi hushusha kipimo cha sukari ya miezi mitatu kwa wastani wa 0.43; tuseme kutoka 8.5 hadi karibu 8.1. Si badala ya dawa, bali ni msaada wa kweli.

Basi, tupige mswaki mara mbili kwa siku, tusafishe katikati ya meno, tuache sigara. Tumwambie daktari wa meno kwamba tuna kisukari, na anayetutibu kisukari kwamba fizi zinatoka damu.

Maswali ya kujadiliana:
(a) Kwa nini mtu asingoje maumivu ndipo aende kwa daktari wa meno?
(b) Ni nani nyumbani kwetu mwenye kisukari ambaye hajatazamwa kinywa mwaka huu?