Vipele Visivyokwisha kwa Mtoto: Tambua Ugonjwa Kabla ya Kununua Dawa

Tuchukue mfano ambao wazazi wengi wataujua. Mtoto wa miaka minne anatokwa na vipele vitatu kwapani. Haviumi, haviwashi sana, wala mtoto hana homa. Mama anakwenda kwenye duka la dawa la jirani, anavieleza kwa mdomo, naye muuzaji anampa tyubu ya krimu. Kwa wiki mbili muwasho unatulia, kisha vipele vinaongezeka. Mama ananunua tyubu ya pili, halafu ya tatu. Kufikia mwezi wa tano vipele vimekuwa ishirini, na viwili vimeota karibu na kope. Fedha imetumika, lakini hakuna hata mtu mmoja aliyemvua mtoto shati akamtazama.

Tumeandaa somo hili ili mzazi au mlezi ajue namna ugonjwa wa ngozi wa muda mrefu unaosababishwa na virusi unavyotambuliwa, na ajue anachostahili kudai kabla hajatoa fedha yake.

Ugonjwa wenyewe

Miongoni mwa magonjwa ya namna hii, ulio wa kawaida sana kwa watoto huitwa kitabibu moluskamu. Huletwa na kirusi cha jamii moja na kile cha ndui, ingawa si hatari kama ndui. Huambukizwa kwa kugusana ngozi kwa ngozi, kwa kushirikiana taulo na nguo, na kwa mtoto kujikuna kisha kugusa sehemu nyingine ya mwili wake. Tangu kuambukizwa hadi kipele cha kwanza kuonekana huweza kupita wiki mbili, na wakati mwingine hata miezi sita. Kwa hiyo si rahisi kujua mtoto aliupata wapi, na si haki kumlaumu mtoto wa jirani.

Kwa mtoto mwenye kinga nzuri, vipele hivi huondoka vyenyewe, mara nyingi katika miezi 6 hadi 12, ingawa kwa baadhi ya watoto huchukua miaka kadhaa. Huo ndio urefu unaowachosha wazazi na kuwatia katika mikono ya wauza dawa.

Namna unavyotambuliwa

Mganga mwenye ujuzi huutambua ugonjwa huu kwa macho. Hutafuta kipele kidogo cha mviringo, cha ukubwa wa milimita 2 hadi 5, kigumu kidogo, kinachong'aa kama lulu, chenye kishimo katikati mfano wa kitovu. Ndani yake mna kitu cheupe kizito. Mganga anaweza kutumia kioo cha kukuzia chenye taa ili kukiona kishimo hicho vizuri. Akiwa na shaka, huchukua ute wa ndani au kipande kidogo cha ngozi na kukipeleka maabara kitazamwe kwa hadubini.

Hakuna kipimo cha damu kinachohitajika ili kuutambua ugonjwa huu. Mzazi akiandikiwa vipimo vingi vya damu kwa ajili ya vipele vichache tu, ana haki ya kuuliza kwa upole: kipimo hiki kinatafuta nini, na majibu yake yatabadilisha nini katika matibabu?

Magonjwa yanayofanana nao

Chunjua huletwa na kirusi kingine. Huwa na uso mkavu wenye kukwaruza, wala haina kitovu. Tetekuwanga huja kwa siku chache pamoja na homa, na malengelenge yake hukauka yakawa magaga. Upele huwasha mno usiku, hupenda katikati ya vidole, na mara nyingi watu kadhaa nyumbani hujikuna pamoja. Pumu ya ngozi hukausha na kuchubua mikunjo ya viwiko na magoti. Nayo huweza kuambatana na moluskamu kwa mtoto mmoja.

Tangu Shirika la Afya Duniani lilipotangaza dharura ya mpox tarehe 14 Agosti 2024, wazazi wengi huingiwa na hofu waonapo kipele chenye kitovu. Hofu hiyo inaeleweka. Lakini mpox kwa kawaida huja na homa, maumivu na kuvimba matezi, na vidonda vyake hupitia hatua zake katika muda wa wiki mbili hadi nne. Vipele vilivyokaa miezi mitano kwa mtoto anayecheza na kula vizuri vina sura nyingine. Hata hivyo, penye shaka mpelekeni mtoto kituoni, msiamue wenyewe.

Lini kipimo cha VVU kinahitajika

Hapa tunaomba msomaji asome kwa utulivu. Watoto wengi wenye moluskamu hawana VVU. Lakini vipele vikiwa vingi mno, vikienea usoni, vikiwa vikubwa kupita sentimita moja, au vikikaa bila kupungua kwa mtoto anayeugua mara kwa mara na asiyeongezeka uzito, mganga atashauri kipimo cha VVU. Ndivyo pia kwa chunjua zilizotapakaa, mkanda wa jeshi kwa mtoto mdogo, na vipele vya muwasho visivyokoma mikononi na miguuni. Ngozi huweza kutangulia kutoa habari ambayo mwili bado umeificha.

Mtoto aliye chini ya miezi 18 hupimwa kwa kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe, kwa kuwa kipimo cha kawaida huweza kuonyesha kingamwili alizopewa na mama yake. Nchini Tanzania, dawa za kufubaza VVU hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Mtoto aliyetambuliwa mapema huishi na kukua; krimu inayofunika dalili humnyima miezi asiyoweza kurudishiwa.

Kabla hujalipa

Krimu nyingi zinazouzwa kwa vipele vya kila aina huchanganya dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi kali. Antibayotiki na dawa ya fangasi haziui kirusi. Steroidi hutuliza muwasho, lakini hupunguza kinga ya ngozi mahali ilipopakwa, huikonda ngozi na kuipausha, na huweza kuubadili ugonjwa sura hata mganga ashindwe kuutambua. Mganga aliyemwona mtoto anaweza kuagiza steroidi hafifu kwa pumu ya ngozi. Hiyo ni tofauti na tyubu iliyouzwa kwa kubahatisha.

Kwa hiyo tunashauri:

1. Mtoto aonekane kwanza, dawa ifuate.
2. Uliza jina la ugonjwa na jina la dawa, uandikiwe yote mawili.
3. Kagua tarehe ya mwisho wa matumizi, na usikubali dawa isiyo na lebo.
4. Dai risiti na uitunze.
5. Ukienda kituoni, chukua tyubu zote zilizokwisha kutumika, hata zilizo tupu.
6. Usikamue, usichome, wala usipake maji ya betri au kitunguu saumu. Kovu hubaki baada ya kirusi kuondoka.

Nyumbani na shuleni

Kila mtoto awe na taulo lake. Kucha zikatwe fupi, na vipele vilivyo wazi vifunikwe kwa nguo au bandeji. Mtoto mwenye moluskamu anaweza kuendelea na masomo. Hakuna sababu ya kumfukuza wala kumtenga. Kipele kikivimba na kugeuka chekundu au cheusi zaidi kuliko ngozi, mara nyingi ni kinga ya mwili inayopigana nacho, si lazima kuwa usaha.

Lakini nenda hospitali bila kuchelewa endapo mtoto mwenye pumu ya ngozi ametokwa ghafla na vidonda vingi vyenye maumivu pamoja na homa. Endapo kipele kiko kwenye kope na jicho limekuwa jekundu. Au endapo mtoto mwenye kinga dhaifu ana vipele vyenye kitovu pamoja na homa na kuumwa kichwa.

Maswali ya kujipima

Je, kipele cha mtoto wangu kina kitovu? Kimekaa muda gani? Nani amekitazama kwa macho yake? Krimu niliyonunua ina nini ndani yake? Mzazi anayeweza kuyajibu maswali haya manne amemrahisishia mganga kazi, na amelinda pamoja afya ya mwanawe na mfuko wake.