Rozari Nzima kwa Mtoto wa Miaka Mitatu?

Mama mmoja wa Igombe, wilayani Ilemela, ameiandikia safu hii akiomba msaada. Ana watoto watatu, wa miaka 8, 5 na 3. Mumewe ni mvuvi wa dagaa, usiku yuko ziwani, kwa hiyo mama mkwe ndiye anayeongoza sala baada ya chakula: Rozari nzima, kila siku, watoto wakiwa wamepiga magoti. Mdogo husinzia kabla ya kumi la pili la Salamu Maria. Wa kati alichapwa kwa kucheka. Mkubwa naye, Rozari ikitajwa tu, hulalamika tumbo linamuuma. “Je, niwalazimishe mpaka wazoee, au niache mpaka wakue?” anauliza.

Asiache, na asiwalazimishe. Afupishe.

Rozari nzima ina Salamu Maria zaidi ya 50. Ni sala ya mtu anayeweza kutafakari huku midomo ikitamka, na mtoto wa miaka 3 hajafika huko. Kusinzia kwake si utovu wa adabu: giza limeingia, ameshiba, amechoka kucheza. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, Yesu anaonya kwanza juu ya wingi wa maneno, ndipo anafundisha Baba Yetu, sala isiyomaliza hata dakika moja.

Mama mkwe ajibiwe kwa heshima, kwa mifano ya Kanisa analolipenda. Shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa Ufaransa na Askofu Charles de Forbin-Janson mwaka 1843, liliwaomba watoto Salamu Maria moja tu kwa siku. Watoto wa Fatima, kabla ya kutokewa na Bikira Maria mwaka 1917, waliikata Rozari kwa kutamka maneno ya mwanzo tu ya kila sala ili wawahi kucheza. Wawili kati yao, Francisco na Jacinta, walitangazwa watakatifu mwaka 2017. Na hapa kwetu, Mapadre Weupe walioanzisha misheni ya Bukumbi mwaka 1883 walikuwa na agizo la mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie: mtu mzima afundishwe miaka minne kabla ya kubatizwa. Kama watu wazima walivumiliwa hivyo, mjukuu naye avumiliwe.

Fimbo ikae mbali kabisa na sala. Mtoto anayechapwa akiwa amepiga magoti hujifunza kuiogopa saa ya kusali, na tumbo la kaka yake huenda ndilo linalosema hivyo. Hata hivyo, likimuuma hata nyakati nyingine apelekwe zahanati, maana kichocho kipo ukanda huu wa ziwa.

Sala ihamishiwe kabla ya ugali, wakati macho bado yamefunguka, na kila mtoto apewe kazi. Mdogo aanzishe ishara ya msalaba, wa kati achague wimbo, mkubwa asome mistari michache. Masomo yapo yanayowahusu moja kwa moja: dhoruba ya Marko 4, au Yohana 21, ambapo wanafunzi walikesha wakivua bila kupata kitu, kisha asubuhi wakakuta samaki juu ya makaa ufukweni. Mtoto wa mvuvi haelezwi sana habari hiyo. Anaiona kila siku mwaloni. Lifuate kumi moja la Rozari, na mwisho kila mmoja aseme ombi lake, wakianza na baba aliyeko majini. Dakika kumi zinatosha.

Baba naye ana zamu yake. Mbalamwezi ikikolea, taa hazivuti dagaa vizuri na wavuvi hupumzika. Siku hizo aongoze yeye, watoto wamwone baba yao akisali. Bibi aendelee na Rozari yake nzima wajukuu wakishalala. Mkubwa akitaka kubaki naye, abaki kwa hiari yake.

Mama, anza wiki hii, na ulipeleke jambo hili kwenye jumuiya yako ndogo ndogo. Akina mama wengine wenye watoto wadogo wanahitaji kulisikia likizungumzwa.