Stepa yenye Enkoda au Sevo: Anza na Hesabu ya Kasi

Fundi anayeunda mashine ya CNC ya kuchonga mbao huuliza kwanza ipi ina nguvu zaidi, mota ya stepa au ya sevo. Swali hilo humpotosha. Stepa ina nguvu nyingi ikiwa imesimama au ikizunguka polepole; kasi ikipanda nguvu hushuka, na kwa nyingi zikipita mizunguko kama 1,000 kwa dakika hubaki kidogo. Sevo ya kawaida ya viwandani hushikilia nguvu yake hadi mizunguko 3,000, na kwa muda mfupi huweza kutoa hata mara tatu ya kiwango chake.

Kwa hiyo piga hesabu kabla ya kwenda dukani. Skrubu inayosogeza milimita 5 kwa kila mzunguko, ikizungushwa mara 1,000 kwa dakika, husogeza mita 5. Kama unachonga vibao vya majina na milango ya kabati, stepa inatosha, usitupe pesa. Ukitaka mita 15 kwa skrubu hiyohiyo, unahitaji mizunguko 3,000, na hapo ni sevo. Au, ukiridhika na kasi ndogo kidogo kuliko hiyo, weka skrubu inayosogeza milimita 10, ingawa msukumo utapungua nusu. Muuza mota hatakukumbusha njia hiyo.

Enkoda inaingia wapi? Stepa ya kawaida hugawa mzunguko katika hatua 200 na hutii amri bila yeyote kuhakikisha kwamba imefika. Ikikwama kidogo, hupoteza hatua na ubao mzima huharibika. Enkoda huijulisha draiva, yaani kifaa kinachoendesha mota, mhimili ulipo, nayo husahihisha. Vilevile hupunguza umeme mzigo ukiwa mwepesi, hivyo mota haichemki sana. Lakini nguvu ya mwendo wa kasi enkoda haiongezi hata chembe.

Pengo kati ya amri na mahali mhimili ulipo likizidi, draiva hutoa ishara ya hitilafu. Unganisha waya wake kwenye kidhibiti, la sivyo mota moja itasimama na nyingine ziendelee kukata. Na kumbuka, enkoda iko nyuma ya mota: kiungo cha skrubu kikiteleza, haijui. Sevo nayo ni hivyo hivyo.

Sevo pia hudai kurekebishwa kulingana na uzito inaobeba. Marekebisho hayo yakikazwa mno, hunguruma na kutetemeka hata mahali ilipo. Stepa hutulia. Kwa mhimili wa wima wenye kichwa kizito, nunua mota yenye breki, iwe ya aina gani, kwa sababu umeme ukikatika kichwa huweza kushuka juu ya kazi.