SOMO LETU: KUONA SHAMBA NA KUONA SHIMO



Leo tutajifunza juu ya kazi mbili za akili. Ya kwanza ni kuona jambo zima. Ya pili ni kuona vipande vyake, kimoja kimoja.

Mkulima akisimama kando ya shamba na kujiuliza, "Tupande ekari ngapi za mahindi ili tule mpaka mavuno yajayo?" anafanya kazi ya kwanza. Akiinama na kamba, akapima sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mashimo, anafanya kazi ya pili. Zote mbili zinatakiwa. Asiyeona shamba zima atanyoosha mistari mizuri lakini chakula hakitamfikisha. Asiyeona shimo atakuwa na mipango mingi na mahindi haba.

Taabu inaanza tunaporukaruka kati ya kazi hizi mbili. Kila tukiruka, akili inalipa ushuru.

Mfano wa mizani

Tuchukue karani wa chama cha msingi siku ya kununua pamba. Anasoma mizani, anaandika kilo kwenye daftari, anakata stakabadhi. Mara mwenyekiti anamwita: "Karani, unaonaje, msimu huu tutafikia lengo? Tutahitaji malori mangapi?" Ni swali zuri, lakini ni la shamba zima. Karani anaacha mizani, anafikiri habari za msimu, anajibu. Akirudi, kichwa bado kiko kwenye malori. Mizani inasema kilo 74, yeye anaandika 47.

Tuseme bei ni shilingi 1,000 kwa kilo. Mkulima amepoteza shilingi 27,000, yaani madaftari na sare ya mtoto. Kosa likigunduliwa, watu watasema karani ni mwizi. Kumbe hakuiba. Alivutwa huku na huku.

Jaribu mwenyewe

Andika namba 20, kila moja iwe kubwa kuliko 10. Kwanza, jumlisha 6 kwa kila namba. Pili, toa 3 kwa kila namba. Tatu, changanya: namba ya kwanza jumlisha 6, ya pili toa 3, ya tatu jumlisha 6, hivyo hivyo mpaka mwisho. Mwenzako ashike saa.

Utaona safari ya tatu imechukua muda zaidi, ingawa namba ni zile zile 20. Arthur Jersild, mtaalamu wa mambo ya akili huko Marekani, alieleza majaribio ya namna hii mwaka 1927. Na hizo ni hesabu ndogo tu. Sembuse kuruka kutoka mipango ya msimu mzima hadi kilo za mzigo mmoja!

Tufanye nini?

1. Tutenge nyakati. Mambo ya jumla yazungumzwe asubuhi kabla ya kufungua mizani, au jioni baada ya kufunga daftari.

2. Tumalize kipande kwanza. Ukiitwa katikati ya kupima, sema, "Subiri kidogo, ndugu, niandike mzigo huu." Huo si utovu wa adabu. Ni kulinda haki ya mkulima.

3. Tuache alama. Ukilazimika kuondoka, andika umefika wapi na utaanza na nini ukirudi. Mwaka 2018 watafiti wawili huko Marekani, Sophie Leroy na Theresa Glomb, walionyesha kwamba anayeandika hivyo huiacha kazi ya kwanza kwa akili iliyotulia, akaifanya ya pili vizuri zaidi.

4. Tusiache kabisa kuinua macho. Karani anayetazama mizani tu msimu mzima hataona kwamba ghala limejaa.

Wazee walisema, mshika mbili moja humponyoka. Hawakukataza kazi mbili. Walitukumbusha kwamba mkono ni mmoja, na zamu ni lazima.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kijiji chenu, nani hukatizwa mara nyingi anapohesabu au kupima? Nani humkatiza?

2. Hasara ikitokea, nani huilipa?

3. Nyumbani kwako, ni wakati gani unafaa kupanga mambo ya mwaka mzima?