Super 8: Pima Mwanga Kabla ya Kununua Filamu

Wanachama wenzangu, kaseti moja ya Super 8 ina futi 50 za filamu. Kwa picha 18 kila sekunde, inakwisha kwa dakika 3 na sekunde 20, na haifutiki ikarekodiwa upya kama kanda ya video. Harusi ikiungua kwa mwanga, basi imekwenda!

Kamera hizi, zilizoanza mwaka wa 1965, nyingi hujipimia mwanga zenyewe. Taabu ni kwamba mota inaweza kunguruma vizuri ilhali kipimamwanga kimekufa zamani. Mimi huijaribu hivi: natia kaseti kuukuu, naielekeza kamera kwenye ukuta wenye jua, nasoma mshale. Halafu napima ukuta uo huo kwa kamera nzuri ya picha za kawaida, nikiiwekea ASA ileile na kasi iliyo karibu na sehemu 1 ya 40 ya sekunde. Namba zikipishana ovyo, siinunulii filamu. Hebu angalia na betri pia: nyingine zilitengenezewa za zebaki, volti 1.35, ukitia ya 1.5, mshale waweza kudanganya.

Sasa filamu. Kamera nyingi za bei nafuu hutambua ASA 40 na 160 pekee. Kodachrome 40, kipenzi cha wengi, iliondolewa katika Super 8 mwaka wa 2005. Mimi nachagua Vision3 200T: ikisomwa kama 160 inapata mwanga wa ziada kidogo, na negativu haijali. Juani, hakikisha kichujio cha rangi ya chungwa kilichomo ndani ya kamera kinafanya kazi. Ektachrome 100D inapendeza, lakini ni ya slaidi, haisamehe; ingoje mpaka uuamini mshale wako.