SOMO LA JUMA: KAUNTA YA JIKONI NI MTAJI, SI PAMBO

Msomaji wa ukurasa wa masoko amezoea kutazama bei ya alizeti, karanga, mtama na zabibu. Juma hili tunageukia bidhaa ambayo haipimwi kwa gunia wala debe, lakini inameza fedha za wafanyabiashara wengi wa Dodoma: kaunta ya jikoni, yaani ile meza ya kudumu ambayo juu yake nyama hukatwa, sufuria hutuliwa na vyombo huoshwa.

Soko lake limepanuka. Mwezi Julai 2016 Serikali ilitangaza kuhamia Dodoma kwa vitendo, baada ya uamuzi wa mwaka 1973 kusubiri kwa miaka mingi. Mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Ukiongeza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, na ofisi za Mji wa Serikali kule Mtumba, unapata watu wengi wanaotafuta nyumba za kupanga, gesti na mahali pa kula. Kila nyumba, gesti na mgahawa una jiko, na kila jiko lina kaunta.

Kosa la kawaida ni kuuliza swali moja tu: "Mita moja ni shilingi ngapi?" Swali la mfanyabiashara ni jingine: "Kaunta hii itanigharimu kiasi gani kwa mwaka, na je, mimi ndiye nitakayekuwapo kuitumia miaka hiyo yote?" Hilo ndilo somo letu.

ADUI ZA KAUNTA HAPA KWETU

Kabla ya kuchagua bidhaa, mjue adui. Dodoma kaunta ina adui watano.

Wa kwanza ni moto. Sufuria la wali au maharage likitoka kwenye jiko la mkaa hutuliwa moja kwa moja juu ya kaunta. Wa pili ni maji. Maji ya visima ya ukanda huu, yakiwemo ya bonde la Makutupora kule Mzakwe, yana madini mengi. Yakikauka huacha utando mweupe kuzunguka bomba na sinki. Wengi huuondoa kwa ndimu, siki au dawa kali ya chooni, na dawa hiyo mara nyingine huharibu kuliko utando wenyewe.

Wa tatu ni uchachu na rangi: ukwaju, ubuyu, nyanya, ndimu na divai nyekundu ya zabibu zetu. Wa nne ni ukavu wa hewa. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni adimu na upepo ni mwingi, hivyo mbao husinyaa na zege hukauka kabla ya wakati wake. Wa tano ni mchwa, ambaye haili kaunta ya jiwe lakini hula kabati lililoibeba.

BIDHAA ZILIZOPO NA TABIA ZAKE

Chipubodi iliyovikwa fomaika. Ni rahisi kuliko zote na fundi seremala huifunga kwa siku moja. Lakini sufuria la moto huiunguza, na maji yakipenya kwenye kingo au kwenye tundu la sinki, ubao huvimba kama mkate na haurudi tena. Inafaa ofisini au katika chumba cha chai. Jiko la biashara huimaliza mapema.

Mbao ngumu. Mninga unasifika kwa kutosinyaa sana na kwa kustahimili wadudu. Mkongo na mtiki nao ni mbao za kuaminika. Tatizo ni mbao mbichi. Ubao uliotoka eneo lenye unyevu ukifungwa Dodoma kabla ya kukauka utapinda na kupasuka. Uache ndani ya nyumba kwa majuma kadhaa kabla ya kuufunga, na upake mafuta mara kwa mara. Usiuweke karibu na sinki. Mbao ni nzuri zaidi kama gogo la kukatia, likikaa juu ya kaunta ya aina nyingine.

Vigae juu ya zege. Ndiyo njia inayotumika sana mjini, hasa tangu viwanda vya vigae vya Mkuranga na Chalinze mkoani Pwani vianze kuzalisha. Kigae hakiogopi moto wala ndimu. Udhaifu wake uko kwenye viungo: grauti ya kawaida hunywa mafuta na kuwa nyeusi. Tumia viungo vyembamba, na ikiwezekana grauti ya epoksi. Tena usikate mifupa kwa panga juu ya kigae. Kitapasuka, na huenda usipate tena kigae cha rangi ile.

Zege la kung'arishwa na terazo. Terazo ni saruji iliyochanganywa na vipande vidogo vya mawe kisha ikasagwa hadi ing'ae, kama sakafu za majengo mengi ya zamani ya serikali. Malighafi karibu zote zinapatikana hapa. Uchachu hula saruji polepole, kwa hiyo hupakwa dawa ya kuziba vitundu na husagwa upya baada ya miaka kadhaa. Uzuri wake ni kwamba inasagika upya, haitupwi.

Marumaru halisi. Hapa pana mtego wa maneno. Mitaani "marumaru" ni jina la kigae cha kiwandani na pia la jiwe halisi linalotokana na chokaa. Muulize muuzaji ni ipi anayokuuzia. Jiwe halisi ni zuri kwa macho, lakini ni laini: katika kipimo cha ugumu cha 1 hadi 10 lipo kwenye 3 hivi, chini ya kisu cha chuma. Tone la ndimu huliachia doa lililofifia. Kwa jiko la biashara, liache.

Graniti, au matale. Hili ndilo jiwe la nyumbani. Uwanda wa kati umekalia miamba ya graniti ya zamani sana, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na vilima vya mawe vinavyozunguka jiji ni ushahidi unaoonekana. Ugumu wake ni 6 hadi 7, haliogopi sufuria wala ndimu. Lakini mwamba ulioko kilimani si kaunta. Kuuchonga, kuukata na kuung'arisha kunahitaji mashine, na hapo ndipo bei inapopandia. Mabamba mengi yanayouzwa yametoka nje ya nchi kupitia bandari ya Dar es Salaam.

Jiwe la kutengenezwa, linalouzwa kwa jina la kwatsi. Sehemu kubwa ni unga wa jiwe, zaidi ya asilimia 90 kwa uzito, uliogandishwa kwa gundi ya rezini. Halinywi madoa, lakini ile gundi huungua. Sufuria la mkaa litaliachia alama ya kudumu.

Chuma kisichoshika kutu, yaani stenlesi. Ndicho kipenzi cha majiko makubwa, kwa kuwa husafishwa kwa urahisi na hakina viungo. Omba daraja la 304 na unene usiopungua milimita 1. Sumaku inasaidia kidogo: daraja la 430 huvutwa na sumaku, la 304 kwa kawaida halivutwi. Hata hivyo daraja la 201, ambalo ni duni, nalo kwa kawaida halivutwi. Kwa hiyo sumaku pekee haitoshi. Dai daraja liandikwe kwenye risiti.

TUPIGE HESABU

Tarakimu zifuatazo ni za kujifunzia tu, si bei za soko. Weka bei utakazopewa wewe na ufuate njia hii.

Tuchukue kaunta ya mita 3 katika mgahawa, ambapo kufunga jiko siku 2 kwa matengenezo kunapoteza faida ya sh. 80,000. Mwenye nyumba anahesabu miaka 20.

Chipubodi ni sh. 180,000 na hudumu miaka 4. Katika miaka 20 atanunua mara 5, jumla sh. 900,000. Atafunga jiko mara 4, sh. 320,000. Jumla kuu ni sh. 1,220,000, sawa na sh. 61,000 kwa mwaka.

Graniti ni sh. 900,000, na dawa ya kuziba vitundu ni sh. 5,000 kwa mwaka. Jumla ni sh. 1,000,000, sawa na sh. 50,000 kwa mwaka.

Terazo ni sh. 320,000. Itasagwa upya mara 2 kwa sh. 100,000 kila mara, na jiko litafungwa mara 2, sh. 160,000. Jumla ni sh. 680,000, sawa na sh. 34,000 kwa mwaka.

Hapo tunaona mambo mawili. Kile kilichoonekana rahisi dukani kimekuwa ghali kuliko vyote. Na graniti, pamoja na sifa zake, haikushinda terazo; tena imefunga sh. 580,000 zaidi tangu siku ya kwanza, fedha ambayo ingeweza kuzunguka kwenye magunia ya alizeti. Graniti hujilipa pale inapoongeza kodi ya nyumba au bei ya chumba, kwa sababu mpangaji huiona na kuipenda. Katika jiko la nyuma ambalo mteja haingii, haikuongezei hata senti.

Sasa mgeuze mwenye nyumba awe mpangaji mwenye mkataba wa miaka 3. Graniti, pamoja na dawa yake, inakuwa sh. 305,000 kwa mwaka na terazo karibu sh. 107,000, kisha vyote vinabaki kwa mwenye nyumba, kwani kilichojengewa ukutani kwa kawaida huhesabiwa kuwa sehemu ya nyumba isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Chipubodi ni sh. 60,000 kwa mwaka. Meza ya stenlesi yenye miguu yake, ikinunuliwa sh. 700,000 na kuuzwa sh. 400,000 baada ya miaka 3, ni sh. 100,000 kwa mwaka. Ukihama nayo badala ya kuiuza, ukaitumia miaka 10 na kuiuza sh. 100,000, ni sh. 60,000 kwa mwaka, sawa na chipubodi, bila kuungua wala kuvimba. Mama lishe na mwenye mgahawa wa kupanga anunue kinachobebeka.

KABLA YA KUPOKEA MZIGO

Bamba la jiwe lipimwe. Mwagia matone ya maji upande wa chini na subiri dakika 15. Likigeuka kuwa jeusi hapo, linanyonya na litahitaji dawa. Dondosha ndimu kwenye kona isiyoonekana; likipauka, umeuziwa chokaa kwa jina la graniti. Bamba la graniti la sentimita 2 lina uzito wa karibu kilo 54 kwa mita ya mraba, hivyo hakikisha kabati lina nguvu ya kulibeba. Lisafirishwe limesimama kwa ukingo, kamwe lisilazwe. Andikeni pia ni nani anayebeba hasara likivunjika njiani kutoka Dar es Salaam.

Zege nalo lina masharti. Kwa kaunta ya upana wa sentimita 60, unene wa sentimita 7.5 na nondo za milimita 8 unatosha, kwa mchanganyiko wa saruji 1, mchanga safi 2 na kokoto ndogo 3. Funika kwa magunia mabichi na umwagilie kwa siku 7 bila kukosa. Saruji haigumu kwa kukauka, hugumu kwa kuungana na maji. Upepo wa Dodoma ukiyanyonya maji hayo mapema, uso wa kaunta utatoa vumbi na nyufa. Nguvu yake hupimwa siku ya 28, kwa hiyo usikubali fundi akabidhi kazi juma lile lile.

Kwa mwekezaji anayefikiria kufungua karakana ya kukata mawe, neno moja la tahadhari. Vumbi la graniti na hasa la jiwe la kutengenezwa lina silika, inayoharibu mapafu bila tiba. Australia ilipiga marufuku jiwe la kutengenezwa kuanzia tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu ya wafanyakazi waliougua. Kata kwa maji na ununue vinyago sahihi vya kuzuia vumbi. Gharama hizo ziwe ndani ya mtaji, zisiwe za baadaye.

MASWALI MANNE KABLA YA KULIPA

1. Jengo ni langu, au mkataba wangu una miaka mingapi?
2. Mteja au mpangaji ataiona kaunta hii, na je, itanipatia shilingi zaidi?
3. Ikiharibika, inatengenezeka hapa hapa Dodoma, au nitaagiza upya?
4. Nikigawa gharama zote kwa miaka nitakayoitumia, pamoja na siku za kufunga jiko, napata kiasi gani kwa mwaka?

Asiyeweza kujibu swali la nne asitoe fedha mfukoni. Achukue karatasi na kalamu, azunguke maduka ya Majengo na Sabasaba kuuliza bei, kisha apige hesabu. Bei ya siku moja humfurahisha mnunuzi. Gharama ya miaka ndiyo inayomwachia faida au kumfilisi.